Kupima metformini kwa tumbo lenye metaplasia: mwongozo kwa wanaoandaa jaribio Uganda

Nyofoa vinyama vitano tumboni mwa mtu leo, kila kimoja kidogo kama punje ya mtama. Mwakani nyofoa vingine vitano. Majibu mawili yanaweza kupishana kabisa ilhali tumbo lenyewe halijabadilika. Hapo ndipo majaribio ya kutibu ukuta wa tumbo huharibikia, na ndiyo maana mwongozo huu unazungumzia koleo la kunyofolea, chupa na slaidi kuliko unavyozungumzia metformini, dawa ya kisukari inayopimwa hapa.

Metaplasia ya utumbo ni hali ambapo ukuta wa ndani wa tumbo huacha kujijenga kama tumbo na kuanza kuota seli za utumbo, zile zenye vifuko vya ute. Haiumi, na wengi walio nayo hawatapata saratani. Lakini iko kwenye njia ya kwenda huko. Tena haienei sawasawa kama chokaa ukutani. Hukaa mabaka mabaka, kama mba mgongoni. Koleo likiangukia kwenye baka, mtu anayo. Likikosea kwa sentimita moja, amepona. Ikiwa kati ya vipimo hivyo viwili alikuwa akimeza kidonge, kidonge kitasifiwa bure.

Kwa nini metformini

Mfuatano ulioelezwa na Pelayo Correa, mwanapatholojia kutoka Colombia, bado ndio unaotumika: bakteria H. pylori huwasha ukuta wa tumbo kwa miaka, tezi husinyaa, metaplasia hufuata, kisha displasia, yaani seli zinazoanza kuharibika kuelekea saratani, na kwa wachache mwisho wake ni saratani. IARC, shirika la utafiti wa saratani chini ya WHO, liliiweka H. pylori kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1994. Kuiua bakteria hupunguza hatari, ila metaplasia iliyokwisha kuota mara nyingi hubaki palepale.

Metformini imevuta macho kwa kuwa ni ya bei nafuu, madhara yake yanajulikana kwa miongo mingi, na ndani ya seli huamsha kimeng'enya cha AMPK ambacho hufunga breki kwenye mTOR, njia inayozihimiza seli zikue. Utafiti wa Hong Kong uliotoka 2019 uliangalia wagonjwa wa kisukari waliokwisha kutibiwa H. pylori, waliotumia metformini walipata saratani ya tumbo kwa kiasi cha nusu hivi ya wasioitumia. Nchini Japani, jaribio lililochapishwa 2016 liliwachukua watu 151 wasio na kisukari, waliokuwa wameondolewa polipu, vinyama vinavyoota, za utumbo mpana, wakapewa miligramu 250 tu kwa siku au plasebo, kidonge kisicho na dawa, kwa mwaka mmoja. Polipu zilionekana tena kwa asilimia 38 ya waliomeza metformini na asilimia 56.5 ya waliomeza plasebo.

Usishangilie mapema. Metaplasia ya namna hiyo ikiwa kwenye umio, ile inayoitwa Barrett, nayo ilijaribiwa Marekani: watu 74, wiki 12, hadi miligramu 2000 kwa siku, na alama iliyokuwa ikipimwa kwenye tishu haikushuka kuliko kwa waliomeza plasebo. Na tafiti za kupekua mafaili zina tundu lake: anayepewa metformini mara nyingi ndiye mwenye kisukari chepesi na figo nzima, kwa hiyo alikuwa mzima zaidi tangu mwanzo. Fomu ya ridhaa iseme wazi kwamba haijulikani kama dawa hii inasaidia tumbo. Mshiriki akiondoka anaamini amepata tiba ya saratani, fomu imeandikwa vibaya.

Vibali

Mpangilio ni huu: kamati ya maadili ya utafiti ya taasisi yako kwanza, halafu Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST, na Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, kwa kuwa ni jaribio la dawa. Uongozi wa hospitali nao unataka barua yake. Sajili jaribio kwenye rejesta ya umma, kwa mfano ile ya Afrika nzima iitwayo PACTR, kabla ya mshiriki wa kwanza kutia sahihi. Kama slaidi au bloku za nta zenye tishu zitasomwa nje ya nchi, andaa mkataba wa kuhamisha sampuli mapema, maana huo huchelewa kuliko unavyodhani. Takwimu za washiriki zinalindwa na sheria ya faragha ya mwaka 2019. Bima ya washiriki ikatwe kabla ya kuanza.

Kuna neno moja linaloponza. Ukitafsiri plasebo kuwa "dawa feki" au "dawa bandia", Mganda yeyote ataelewa dawa ghushi ya dukani, na atakuwa na haki ya kuondoka. Andika "kidonge kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani". Fomu itafsiriwe kwa lugha za watu wa pale, Kiganda, Kinyankole, Kiacholi au Kiswahili, kisha mtu mwingine asiyeona ya awali airudishe kwa Kiingereza. Sentensi zitakazorudi zimepinda ndizo za kuandika upya.

Nani aingie

Mshiriki anayefaa ni mtu mzima mwenye metaplasia iliyothibitishwa kwa hadubini, asiye na displasia, asiyewahi kukatwa tumbo, na asiye na kisukari. Wenye kisukari waachwe nje kwa sababu rahisi: metformini ni haki yao ya kila siku, na kuwapa plasebo ni kuwadhulumu. Kwa hiyo kila anayechunguzwa apimwe sukari, na anayekutwa nayo apelekwe kliniki, asipewe namba ya jaribio.

Figo zipimwe kwa kreatinini, taka ya damu inayotolewa na figo, na kikokotoo cha uchujaji cha CKD-EPI cha 2021. Anayechuja chini ya mililita 60 kwa dakika asianze. Matibabu ya kawaida huruhusu chini ya hapo, lakini hapa unampa dawa mtu ambaye haihitaji kwa sukari, kwa hiyo kuwa mkali. Mnywaji wa waragi wa kila siku naye abaki nje, kwani pombe nyingi pamoja na metformini huongeza hatari ya damu kujaa asidi ya laktiki. Mjamzito na anayenyonyesha vilevile.

Sasa mfuko wa dawa. Karibu kila anayefika kliniki ya tumbo anasema ana "alsa", yaani vidonda vya tumbo, na amekwisha kujitibu kwa mwaka mzima. Mwambie aje na kila anachomeza, akimwage mezani. Utakuta omeprazoli ya kupunguza asidi, magnesiamu ya kutafuna, pengine kipande cha emumbwa, ule udongo uliochanganywa na mitishamba. Angalia hasa vitu vitatu:

– Simetidini, dawa nyingine ya asidi ya tumbo. Huzuia figo kutoa metformini, dawa ikapanda kwenye damu. Ibadilishwe.

– Dolutegravir, iliyo ndani ya vidonge vya TLD wanavyomeza wengi wa wanaoishi na VVU nchini. Huipandisha metformini kwa kiasi kikubwa, na kikomo kinachopendekezwa ni miligramu 1000 kwa siku. Septrini ya kinga nayo husukuma upande huohuo, tena hupandisha kreatinini bila figo kuharibika. Kwa jaribio dogo la kwanza ni bora kuwaacha nje. Kwa kubwa, watengenezewe kundi lao lenye dozi ndogo, maana kuwaacha nje milele ni kupima dawa isiyowahusu watu wengi wa hapa.

– Diklofenaki na jamii yake, dawa za maumivu, zinazomezwa kila siku. Huchubua tumbo na kuchosha figo, na matokeo ya pande zote mbili yatachafuka.

H. pylori itoke kwanza

Hatua hii haina njia ya mkato. Bakteria akitibiwa katikati ya jaribio, uvimbe hushuka na picha ya hadubini hubadilika yenyewe. Watibu wote wenye bakteria kwa siku 14 kwa dawa zinazofuata mwongozo wa hospitali. Subiri angalau wiki 4 baada ya antibiotiki kuisha, na wiki 2 bila omeprazoli au ndugu zake, kisha pima kwa kinyesi au kwa pumzi. Kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili hakifai hapa: kingamwili hubaki muda mrefu baada ya bakteria kufa, na utamtibu mtu aliyepona.

Baada ya kipimo kuwa safi, usikimbilie endoskopi ya kuanzia, yaani kutazama tumbo kwa kamera na kunyofoa vinyama. Tezi zilizojaa seli za uvimbe humdanganya msomaji wa slaidi, akaona zimesinyaa kumbe zimesukumwa tu. Miezi 3 hadi 6 ya kusubiri inaumiza ratiba lakini inaokoa jaribio. Mwisho wa jaribio pima tena H. pylori, kwa kuwa wapo watakaoambukizwa upya.

Dozi na plasebo

Metformini huharisha. Ukianza na dozi kubwa, watu watakukimbia, na waliobaki watajua kundi lao. Panda polepole:

Wiki 1 na 2: miligramu 500 pamoja na chakula cha jioni.
Wiki 3 na 4: 500 asubuhi na 500 jioni, zote na chakula.
Wiki 5 hadi 52: 500 asubuhi na 1000 jioni.

Kwa wiki 52 ni vidonge 1,050 vya miligramu 500 kwa kila mtu: 14, kisha 28, kisha 1,008. Agiza 1,200 kwa kila mshiriki ili kuwe na akiba. Anayeshindwa kupanda arudi hatua moja, akae hapo, na iandikwe. Ni bora kuliko kumpoteza. Mwezi wa Ramadhani anayefunga ameze viwili kwa futari na kimoja kwa daku, na endoskopi yake ipangwe nje ya mwezi huo.

Plasebo ina mtihani wake. Vidonge vya metformini vina harufu kidogo ya samaki, na anayefungua kopo jipya huinusa mara moja. Kabla ya kupokea shehena, weka vidonge vya aina zote mbili kwenye makopo yasiyo na jina, waite watu wasiohusika na jaribio, watazame, wanuse, waguse kwa ulimi. Wakiweza kutofautisha, rudisha kiwandani. Mwisho wa jaribio muulize kila mshiriki anadhani alikuwa akimeza nini. Wengi wakipatia, sema hivyo kwenye ripoti.

Mgawanyo ufanywe na kompyuta, kwa mafungu yenye ukubwa unaobadilika kati ya 4 na 6, na watu wapangwe kwanza kwa hatua ya metaplasia ili wale wabaya wasirundikane upande mmoja. Orodha ikae kwa mfamasia peke yake, pamoja na bahasha zilizofungwa za dharura. Chumba cha dawa kisizidi nyuzi 30. Chini ya bati huko Gulu mwezi wa Februari, bila dari, utazidi. Nunua kipimajoto kinachokumbuka joto la juu kabisa na kisomwe kila asubuhi.

Endoskopi: mahali pa kutumia akili zote

Mshiriki asile kwa saa 6 hadi 8. Uji ni chakula, na obushera, kinywaji cha nafaka, pia. Sema hivyo kwa maneno, kwa sababu mtu akiambiwa "usile" anaweza kunywa bilauri mbili za uji na kuapa hajala. Dakika chache kabla, anywe maji yenye simethikoni ili povu na ute viondoke.

Tazama kwanza, nyofoa baadaye. Damu ya kinyama cha kwanza ikishatiririka hutaona tena kitu. Tumbo litazamwe kwa dakika 7 au zaidi, na picha zipigwe sehemu zilezile kwa kila mtu: juu, mwili (sehemu ya kati ya tumbo) upande wa mkunjo mdogo, mwili upande wa mkunjo mkubwa, kona pale tumbo linapopinda, na antramu, sehemu ya chini. Kama mashine ina mwanga mwembamba, metaplasia mara nyingi huonyesha mstari wa samawati hafifu kwenye kingo za vijitundu. Penye kitu cha kutilia shaka, kinyama chake kitoke kwanza na kiingie chupa yake ya sita, mbali na vitano vya jaribio.

Vinyama vitano vya utaratibu wa kimataifa uitwao Sydney ni hivi: viwili kutoka antramu, sentimita 2 hadi 3 kutoka kwenye pilorasi, mlango wa kutokea tumboni, kimoja mkunjo mdogo na kimoja mkunjo mkubwa, kimoja kwenye kona, kimoja mkunjo mdogo wa mwili, sentimita 4 hivi juu ya kona, na kimoja mkunjo mkubwa wa mwili, sentimita 8 hivi kutoka kwenye kadia, mlango wa kuingilia tumboni. Tumboni hakuna rula, ila koleo lenyewe ni rula. Lifungue mezani kabla ya kuanza, pima upana wake kwa milimita, andika kwenye karatasi ya siku hiyo, halafu hesabu "koleo ngapi" kutoka pilorasi. Endoskopi ya mwisho ifanywe na daktari yuleyule ikiwezekana, picha za mwaka jana zikiwa kwenye skrini kando yake, ili arudi mahali palepale. Hili linashinda mashine yoyote ya gharama.

Ukiwa na nafasi ya kununua kitu kimoja cha ziada, nunua chupa. Hospitali nyingi huweka vinyama vyote vya antramu pamoja. Kwa jaribio, chupa tano tofauti, zenye namba za mahali, ili ulinganishe mkunjo mdogo wa mwaka huu na mkunjo mdogo wa mwaka jana.

Muuguzi anayepokea vinyama ndiye anayeamua ubora wa slaidi. Koleo likifunguka, asilichovye kwenye fomalini, kwa sababu litarudi tumboni. Akiinue kinyama kwa ncha ya sindano, akilaze juu ya kipande cha karatasi ya chujio, upande wa ute ukiwa juu, kisha akidondoshe chupani pamoja na karatasi yake. Koleo lisuuzwe kwa maji ya chumvi kabla ya mahali panapofuata. Seli chache za antramu zilizong'ang'ania kwenye meno yake zikiangukia chupa ya mwili wa tumbo, umetengeneza ugonjwa usiokuwepo. Jina la chupa liandikwe kwenye mwili wake, si kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana.

Mpira wa kamera usafishwe kwa sabuni na brashi kwanza, ndipo uingie kwenye dawa ya kuua vijidudu; dawa haiui kilichojificha chini ya ute uliokauka.

Fomalini, nta na rangi

Kwa lita moja ya fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa: mililita 100 za fomalini kali ya dukani, yaani fomaldehaidi ya asilimia 37 hadi 40, mililita 900 za maji yaliyotoneshwa, gramu 4 za sodiamu fosfati yenye sodiamu moja, na gramu 6.5 za yenye sodiamu mbili, isiyo na maji. Wanaoruka chumvi hizi ili kuokoa pesa hupata madoa ya kahawia na meusi kwenye tishu, na madoa hayo hukaa palepale unapomtafuta bakteria kwa rangi ya Giemsa. Weka mililita 10 kwa chupa. Tishu ikae humo saa 6 hadi 48. Sampuli ya Ijumaa mchana itakaa hadi Jumatatu na kupita muda, kwa hiyo endoskopi zifanywe Jumatatu hadi Alhamisi.

Kwenye nta, kinyama kisimame kwa ubavu. Kikilala, kisu hukata vijitundu kwa juu na msomaji haoni kina cha tezi. Kata kwa mikroni 4, viwango vitatu tofauti. Rangi ni tatu: hematoksilini na eosini kwa picha nzima, Alcian ya samawati yenye pH 2.5 pamoja na PAS, ambapo vifuko vya metaplasia hung'aa samawati na ute wa kawaida wa tumbo huwa waridi iliyokolea. Na Giemsa kwa bakteria. Kila mkupuo uende na slaidi ya duodeni, mwanzo wa utumbo mwembamba, ambayo lazima itoke samawati. Isipotoka, tatizo ni rangi, si wagonjwa. Pima pH ya Alcian kabla ya kumlaumu fundi. Kimiminika cha Schiff, kinachotumika kwenye rangi ya PAS, kikianza kuwa chekundu chenyewe ndani ya chupa, kimekufa. Maandishi kwenye kaseti na slaidi yawe ya penseli, kwa sababu wino huyeyuka kwenye spiriti.

Kusoma slaidi

Tumia hatua za OLGIM, zinazopima metaplasia. Zipo za kupima kusinyaa kwa tezi, lakini wasomaji hubishana sana juu ya kusinyaa na hukubaliana zaidi juu ya metaplasia. Antramu pamoja na kona hupewa daraja 0 hadi 3, mwili wa tumbo 0 hadi 3, na mchanganyiko wake hutoa hatua 0 hadi IV.

Hebu tazama inavyodanganya. Antramu daraja 2, mwili daraja 2: hatua III, hatari kubwa. Mwaka ujao antramu bado 2, lakini koleo limekosa mabaka ya mwili, kwa hiyo mwili ni 0: hatua II. Kwenye jedwali mtu huyu ameimarika, bila kumeza hata kidonge kimoja. Watu wa namna hii watakuwepo pande zote mbili za jaribio, na kundi la plasebo ndilo litakalokuonyesha ni wangapi. Jaribio la metaplasia lisilo na plasebo afadhali lisifanywe.

Wasomaji wawe wawili, kila mmoja peke yake. Kabla ya kuanza wasome slaidi 30 zilezile na kipimo cha makubaliano, kapa, kihesabiwe. Kikiwa chini ya 0.6 wakae pamoja kwenye hadubini moja mpaka waelewane ni nini kifuko na ni nini ute wa kawaida. Slaidi za kuanzia husomwa mara moja kwa ajili ya kumkubali mshiriki. Mwisho zisomwe tena, zimechanganywa na za kumalizia, zikiwa na namba mpya, msomaji asijue ipi ni ya kabla na ipi ni ya baada. Mtaalamu mwema kabisa akijua slaidi ni ya "baada ya dawa", jicho lake hulegea. Wakitofautiana, wa tatu aamue.

Ziara, vidonge na hatari

Aje wiki ya 2, ya 4, kisha kila wiki 4. Nauli arudishiwe siku hiyohiyo kwa mobile money, kiasi kilichoidhinishwa na kamati ya maadili. Kuanzia wiki ya 4, kila ziara apewe vidonge 90 kwa siku 28. Anahitaji 84, kwa hiyo 6 virudi. Akirudisha 20 amemeza 70, asilimia 83. Akirudisha sifuri, usimsifu. Pengine vimepotea, na pengine anamgawia mama yake mwenye sukari kijijini. Hili la pili ni hatari halisi: kama mtoto yuko kwenye plasebo, mama anaacha dawa yake ya kweli na kumeza kidonge kitupu. Waulize wote siku ya kwanza nani nyumbani ana kisukari, na uwaeleze kwa nini kopo hili lisigawanywe.

Mpe kadi yenye sheria moja kwa herufi kubwa: ukitapika, ukiharisha sana au ukiwa na homa kali hata huwezi kula, acha vidonge na upige simu, anza tena ukishakula kawaida kwa siku mbili. Malaria moja kali yenye kukausha maji mwilini inatosha kuangusha figo. Anayepumua haraka na kwa kina, ana maumivu ya tumbo na udhaifu wa ghafla, apelekwe hospitali akiwa na kopo lake. Kreatinini ipimwe mwezi wa 3, 6 na 12. Uchujaji wa figo ukishuka chini ya 45 punguza dozi, chini ya 30 simamisha. Akipelekwa kupigwa picha ya CT yenye dawa ya mshipani, asimamishe metformini na figo zipimwe baada ya saa 48.

Vitamini B12 isisahaulike. Metformini huipunguza, na tumbo lililosinyaa sehemu ya mwili halitoi kitu kinachosaidia kuifyonza. Mshiriki wako ana mlango mmoja uliokwisha kufungwa nusu, na unamfungia wa pili. Ipime mwanzoni na mwezi wa 12, mapema zaidi akilalamika ganzi miguuni, na haidroksokobalamini, yaani B12 ya sindano, iwepo kliniki. Uzito nao: metformini hukata hamu ya kula, na mtu mwembamba anayepungua kilo kila mwezi anahitaji kutazamwa tena, si kupongezwa.

Wangapi wanatosha

Tuseme kwa plasebo asilimia 20 watashuka angalau hatua moja ndani ya mwaka, na unataka kuona asilimia 40 kwa metformini. Kwa nguvu ya takwimu ya asilimia 80 na kiwango cha kukosea cha 0.05, unahitaji watu 82 kila upande. Ukitarajia asilimia 20 waondoke, ni 103 kila upande, jumla 206. Tuseme tena kwamba mmoja kati ya wanane unaowatazama anafaa: ni endoskopi 1,648 kabla ya kufika. Hesabu hii ndiyo inayoua mipango mingi, na ni vizuri iue mapema kabla ya kutumia pesa ya mtu. Kupima pepsinojeni, protini inayotengenezwa na tezi za tumbo, kwenye damu kwanza husaidia kuchuja: pepsinojeni I isiyozidi nanogramu 70 kwa mililita pamoja na uwiano wa I kwa II usiozidi 3 huashiria mwili wa tumbo uliosinyaa. Damu ichukuliwe mtu akiwa ameacha omeprazoli, kwa sababu omeprazoli huipandisha.

Uchambuzi uwaweke watu kwenye kundi walilopangiwa hata kama waliacha vidonge. Takwimu zifungwe kabla ya orodha ya mfamasia kufunguliwa. Na namba ya walioshuka upande wa plasebo iandikwe kwa ukamilifu hata kama dawa imeshindwa, maana hakuna anayeweza kupanga jaribio linalofuata bila hiyo.

Displasia ikionekana wakati wowote, mtu anatoka kwenye jaribio siku hiyo na kupelekwa kwa wataalamu, hospitali ya Mulago au Taasisi ya Saratani ya Uganda. Waliomaliza wakiwa bado hatua ya III au IV wanahitaji endoskopi kila miaka 3, na mapema zaidi kama mzazi au ndugu aliwahi kupata saratani ya tumbo. Tarehe hiyo iandikwe kwenye kadi yao siku ya ziara ya mwisho, pamoja na matokeo yao kwa lugha wanayoisoma, waliokuwa kwenye plasebo sawa na waliomeza metformini.